Kuserebuka baada ya sitini: sakafu, sauti na mpangilio wa nyimbo

Ukiuliza mtaani kwa nini wazee hawachezi tena muziki, jibu la haraka ni magoti. Mimi sikubaliani nalo. Magoti yana mchango wake, lakini kinachowaketisha wengi kabla ya wakati kiko nje ya mwili: sakafu isiyofaa, spika inayopasua masikio, na nyimbo zilizopangwa na kijana anayedhani kila wimbo lazima uwe mkali kuliko uliotangulia. Yote matatu yanarekebishika kwa alasiri moja na gharama ndogo. Ninayoyaandika hapa yanahusu dansi la mtaani la Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, lile la uani, la majirani ishirini hadi thelathini ambao wengi wao wameshavuka miaka 60.

Kizazi hiki kina hazina miguuni. Aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1950 alikua na NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa Juwata, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee Mlimani Park ilipoanza 1978 na Sikinde yake. Akawaona Maquis waliotoka Kongo na kuifanya Dar kuwa kwao, na Kamanyola yao ya "bila jasho". Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na namna yake ya kuchezwa. Mtu wa namna hii hahitaji kufundishwa dansi. Anahitaji kuwekewa mazingira ambamo mwili wake utathubutu kukumbuka.

Wimbo wa dansi ulivyojengwa

Sikiliza wimbo wowote wa dansi wa miaka ya sabini au themanini, ule uliorekodiwa studio za Radio Tanzania. Unaanza na magitaa, solo na rithimu zikizungumza, besi ikitembea chini taratibu. Baada ya nusu dakika hivi waimbaji wanaingia kwa beti ndefu, mdomo wa bata na tarumbeta vikijibu kati ya beti na beti. Sehemu hii huchukua dakika tatu hadi tano. Kisha mpiga tumba anabadilisha mkono, solo inapanda juu, kiitikio kinafupishwa, na chemko linaanza. Chemko nalo huenda dakika mbili hadi nne, halafu wimbo unafungwa.

Kwa mwili wa mtu wa miaka sabini, huo ndio mpangilio wenyewe anaouhitaji. Dakika za mwanzo zinapasha viungo joto: maji ya magoti yanasambaa, misuli ya nyonga inalegea, moyo unapanda pole pole. Chemko linakuja mwili ukiwa umeshaamka. Anayetaka kuishia kwenye rhumba anakwenda kuketi chemko linapoanza bila kuonekana amekimbia, maana kubadilika kwa mdundo ni ruhusa ya heshima kabisa ya kuondoka ukumbini.

Kwa hiyo kosa kubwa la mpiga muziki ni kuruka mwanzo na kupeleka mshale moja kwa moja kwenye chemko kwa sababu "ndipo watu wanapoamka". Wazee wanaitikia kweli, wanasimama kwa furaha, na baada ya dakika mbili unawaona wameshika viuno. Kuna pia nakala zinazozunguka mitandaoni ambazo zimekatwa zikabaki chemko tupu. Zichuje. Na ukipata nyimbo za zamani kutoka kwenye sahani ndogo za santuri, angalia: sahani hizo zilibeba dakika chache kila upande, hivyo wimbo mara nyingi uligawanywa, beti upande wa kwanza na chemko upande wa pili. Ukikuta faili lenye sehemu ya pili peke yake, tafuta mwenzake uziunganishe.

Kasi yake ipime, usiikisie. Hesabu mapigo ya besi kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Rhumba ya kuanzia iwe kati ya mapigo 90 na 110 kwa dakika. Chacha nzuri kwa wazee ni 110 hadi 120. Chemko likivuka 135, wengi watafuata pigo moja kati ya mawili, yaani watacheza nusu kasi juu ya mdundo wa haraka. Huko si kushindwa. Ndivyo wachezaji wazuri wa rhumba walivyofanya tangu zamani, mwili ukitulia huku magitaa yakikimbia. Benga ya Kenya ni tamu lakini inaanza mbio tangu sekunde ya kwanza, kwa hiyo iweke moja tu katikati, nyakati ambazo watu wameshapata moto.

Mpango wa saa mbili kasoro

Jumamosi au Jumapili, kuanzia saa 10:15 jioni, baada ya swala ya alasiri, hadi saa 12:00, kabla ya magharibi. Muda huu una faida tatu: jua limeshuka, wanaoswali hawagongani na ratiba, na kila mtu anafika nyumbani kabla giza halijaingia. Dansi la usiku kwa wazee ni kutafuta watu wa kuanguka njiani.

Robo saa ya kwanza muziki upigwe chini, watu wasalimiane, wapate viti. Hapo taarab ya zamani ya Zanzibar inafaa kuliko kitu chochote, ile ya fidla, ganuni na udi, ya vikundi kama Ikhwani Safaa au Culture Musical Club. Inasikilizwa, haidai mtu asimame, na kina mama wataanza wenyewe kuitikia kwa mabega. Saa 10:30 zianze rhumba mbili za polepole, kisha chacha moja, kisha wimbo wa kwanza wenye chemko la nguvu. Saa 11:00 chai. Saa 11:15 rudi na rhumba moja ya taratibu, maana miili imepoa tena, halafu chacha, halafu ule wimbo ambao mtaa mzima unaujua kwa moyo. Huo ndio kilele. Baada yake shuka: bolero au rhumba ya mwisho isiyo na chemko kabisa, na dakika kumi za kuzungumza muziki ukipungua.

Ukihesabu, hizo ni nyimbo nane tu za kucheza. Wapiga muziki wageni huona ni chache. Lakini nyimbo hizi ni za dakika saba au nane kila moja, kwa hiyo ni kama saa nzima ya muziki wa kucheza, na hakuna mzee anayecheza zote. Mtu wa kawaida atacheza nusu yake, kama dakika 30. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya mizani na nguvu siku tatu au zaidi. Dansi moja ya wiki halifikishi hapo. Likiwa mara mbili, pamoja na kwenda sokoni kwa miguu, hesabu inaanza kukaa vizuri.

Kati ya wimbo na wimbo acha nusu dakika ya kimya. Ni muda wa kushukuru mwenza, kubadilishana, kuvuta pumzi. Ukiunganisha nyimbo bila kituo kama wafanyavyo kwenye harusi, aliyechoka ataona haya kuondoka katikati.

Na usipige chemko mbili mfululizo. Sababu yake ni ya kimwili. Mtu akicheza kwa kasi, mishipa ya miguuni inafunguka ili damu ipite kwa wingi, na misuli ya ndama inasaidia kuisukuma irudi juu. Akisimama ghafla, ule msukumo unakoma huku mishipa bado iko wazi, damu inabaki chini na kichwa kinapata kizunguzungu. Mwenye kutumia dawa za presha anaathirika zaidi. Dawa yake ni ndogo: chemko likiisha, watu watembee kuzunguka uwanja dakika mbili kabla ya kuketi. Mtu mmoja akianza kutembea akiwapungia wengine mkono, wote watafuata.

Sakafu

Sakafu bora ya uani ni saruji iliyopigwa niru, kavu, isiyo na nyufa. Mguu unateleza kidogo na kushika kidogo. Mchanga na udongo laini havifai hata kama vinaonekana vya upole kwa mtu akianguka: wayo unazama na kunata, mwili unageuka, na msokoto wote unaishia gotini. Vitofali vya kupanga vina mianya inayokamata ncha ya kiatu. Marumaru ni salama ikiwa kavu, lakini tone moja la maji au jasho linaifanya kuwa barafu, kwa hiyo vinywaji vyote vikae upande mwingine wa viti. Mikeka na mazulia ondoa kabisa, maana mzee hunyanyua mguu sentimita chache tu na ukingo wa mkeka unamtosha kumwangusha. Kuna wanaomwaga poda ili miguu iteleze vizuri. Wazuieni.

Fagia, kisha pitisha dekio lenye unyevu kidogo saa moja kabla. Piga magoti uangalie sakafu ukiwa usawa wake, mwanga ukitokea mbele yako: utaona kila kokoto, kila kifuniko cha soda, na kila mahali saruji ilipovimba.

Nafasi ihesabu hivi: wawili wanaocheza rhumba wanahitaji mraba wa mita moja na nusu kila upande. Jozi kumi na mbili zinataka uwanja wa mita tano kwa sita, na nafasi ya mita moja kuzunguka pembeni. Ikipungua, cheza kwa zamu. Viti viwekwe pande tatu, mgongo ukutani inapowezekana, kwa sababu kiti cha plastiki kwenye saruji laini kinarudi nyuma mtu anapojishusha kwa uzito. Viti viwe vyenye mikono, kwa kuwa mikono ndiyo inayomwinua mwenye mapaja dhaifu.

Viatu vina siri yake. Kandambili inatoka mguuni kwenye hatua ya pembeni. Raba yenye soli nene inashika sakafu mno, mtu anageuka na mguu haugeuki. Kinachofaa ni kiatu cha soli nyembamba ngumu au sendo yenye mkanda wa nyuma ya kisigino. Wengine hucheza peku, na kwenye sakafu safi ni sawa, isipokuwa wenye kisukari: ganzi ya miguu huficha jeraha, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari si jambo dogo. Khanga na kitenge vifungwe viishie juu ya kifundo cha mguu. Upindo unaofagia chini unakanyagwa na mwenza, na anayeanguka ni aliyeuvaa.

Sauti

Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti za juu, zile zinazobeba konsonanti kama s, t, k na f. Besi wanaisikia vizuri tu. Kwa hiyo kijana akipandisha besi ili "muziki ujae", mzee anasikia mngurumo unaofunika maneno, anaomba sauti iongezwe, inaongezwa, maneno yanazidi kupotea. Fanya kinyume. Punguza besi, pandisha kidogo sauti za kati, na utashangaa namna beti zinavyosikika hata sauti ikiwa ya chini. Nyimbo zenyewe ni za maneno, za mafumbo na visa. Mzee akiyapoteza maneno amepoteza nusu ya raha.

Spika mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Ziweke upande mmoja mfupi wa uwanja, juu ya meza au ukuta mfupi, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, zikitazama wachezaji. Zikiwekwa chini, walioketi mbele wanakingwa na miguu ya wachezaji na walioketi karibu wanaumizwa masikio. Kipimo cha kiwango cha sauti ni hiki: watu wawili wakisimama katikati ya uwanja, mita moja kati yao, wazungumze bila kupaza. Wakilazimika kuinamiana sikioni, punguza.

Nyimbo zipakue mapema. Kupiga moja kwa moja kutoka YouTube kunaleta matangazo katikati ya chemko, na hakuna kinachovunja mguu wa mchezaji kama kelele ya tangazo ghafla. Simu iwekwe hali ya ndegeni isije ikaita. Spika za betri zichajiwe usiku wa kuamkia, maana umeme ukikatika saa 11 jioni watu huondoka na hawarudi. Rekodi za zamani hazilingani ukubwa wa sauti, nyingine ziko chini sana, kwa hiyo mtu mmoja akae na simu dansi zima, mkono kwenye kitufe. Asiwe mchezaji.

Kama mtaani kuna mpiga gita aliyestaafu, na mitaa mingi ya Ilala, Temeke na Kinondoni anaweza kupatikana mmoja, basi gita moja, tumba moja na vijiti vinatosha kabisa kwa nusu saa. Hahitaji jukwaa. Muulizeni mapema anapendelea kupiga akiwa ameketi kiti cha aina gani, na mpeni maji.

Hatua yenyewe

Rhumba ya ukumbini, tofauti na ile ya mashindano, ni hamisho la uzito. Simama miguu ikiachana kidogo kuliko mabega, magoti yamelegea. Moja: mguu wa kushoto uende kando, si zaidi ya nusu ya urefu wa wayo. Mbili: wa kulia uufuate. Tatu: uzito urudi kushoto. Nne: tulia. Kisha upande wa pili. Mguu usinyanyuliwe, uburuzwe ukigusa sakafu. Kiuno hakisukumwi: goti moja likinyooka na jingine likikunjwa, nyonga inapanda na kushuka yenyewe. Anayesukuma kiuno kwa makusudi atalalamika mgongo kesho yake.

Chacha ya mtaani inahesabiwa moja, mbili, cha-cha-cha. Hatua mbili ndefu kiasi, tatu fupi za haraka. Hizo tatu ndizo zinazowachosha watu, kwa sababu wanaruka. Hazirukwi. Ni kama kukanyaga mahali palepale mara tatu, visigino vikigusa sakafu.

Mambo mawili huwaangusha wachezaji wazee kuliko mengine yote. La kwanza ni kurudi nyuma. Anayeongoza asimsukume mwenza kinyumenyume. Ampeleke kando au wazunguke. La pili ni kugeuka mguu ukiwa umeganda. Mzunguko mzima ugawanywe katika hatua nne ndogo, robo kwa robo. Na ile ya kumpitisha mwenza chini ya mkono iachwe kwa wenye mabega mazima. Bega lililoganda huwapata sana wenye kisukari, na kuinua mkono juu ya kichwa ni mateso kwao. Washikane viganjani, mikono usawa wa kiwiko. Ushikaji huo una faida nyingine: mmoja akiyumba, mwenzake ana mahali pa kumshika.

Wanaoketi nao wanacheza

Katika watu ishirini na watano, watano hivi hawatasimama. Wapeni kazi. Vijiti viwili vya mti mgumu, urefu wa sentimita ishirini, unene wa kidole gumba, ndivyo vinavyoshikilia mdundo wa Kikuba ulioingia kwetu kupitia santuri za GV, zile za muziki wa Kikuba zilizouzwa Afrika, tangu miaka ya 1930. Gawa mzunguko katika vipande 16 vidogo vinavyolingana, kisha gonga kwenye cha 1, cha 4, cha 7, cha 11 na cha 13. Yaani magongo matatu yenye mwachano, kimya, kisha mawili. Mikononi inachukua dakika kumi kuzoea, na ukishazoea hutaki kuacha. Kijiti cha chini kilazwe juu ya vidole vilivyokunjwa, kiganja kikiwa wazi chini yake. Ukikikamata kwa nguvu hakilii.

Mwingine apewe kayamba, mwingine chupa na kijiko. Aliyepooza upande mmoja ataweza kayamba kwa mkono mzima na kugonga kisigino cha mguu mzima. Viti vyao viwe karibu na wachezaji lakini mbali na spika, hasa anayetumia kifaa cha kusikilizia, ambacho kikiwa karibu mno na spika kinaleta mlio mkali.

Adabu za uwanja

Mtaa una watu wa kila namna, na dansi likivunja heshima linakufa baada ya mara mbili. Si kila mama atashikwa mkono na mwanamume asiye wake, na si kila mzee atapenda mkewe ashikwe. Kwa hiyo kati ya kila nyimbo tatu, moja iwe ya mistari: wanawake upande huu, wanaume upande ule, au wote duara moja kila mtu peke yake. Wanawake wawili kucheza pamoja ni jambo la kawaida, na lisiwekewe maneno.

Kijana anayekwenda kumwomba bibi acheze naye aanze na shikamoo, ainame kidogo, aseme "Bibi, naomba wimbo huu," na akiambiwa "Asante mwanangu, nimechoka," aondoke kwa ukunjufu. Kumvuta mzee mkono ili kamera za simu zicheke ni utovu wa adabu na ni hatari kwa bega lake. Kuhusu simu, sheria moja: hapigwi mtu picha bila kuulizwa. Wapo wasiotaka watoto wao walio mbali wawaone kwenye makundi ya WhatsApp kabla hawajajieleza wenyewe.

Mjumbe na serikali ya mtaa wajulishwe mapema, na kama spika ni kubwa muulize kibali kinachohitajika, kwa kuwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, hufuatilia malalamiko ya kelele. Zaidi ya hapo, pita nyumba za jirani zenye mgonjwa, mzazi mwenye kichanga, au mtoto wa mtihani. Ukibisha hodi siku mbili kabla hutapata mgogoro. Kukitokea msiba mtaani, dansi linasimama mpaka matanga yaanuliwe, na waliofiwa wenyewe ndio wanaosema wakati wa kurudi. Mjane aliye edani haalikwi, anatembelewa. Ramadhani muziki unapumzika.

Chakula na vinywaji visiwe mzigo. Kwa watu 25: dumu moja la maji la lita 20, kikombe cha robo lita kwa kila mtu mara tatu, chai lita kumi, sukari pembeni kila mtu ajitilie, kashata, karanga, mapapai na ndizi. Daftari la mchango lishikwe na mtu mmoja na lisomwe hadharani mwisho wa mwezi.

Dalili za kuangalia

Mtu anayecheza kwa kiasi kinachomfaa anaweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba. Akiimba kwa raha, bado ana nafasi ya kuongeza. Akijibu neno mojamoja, aketi. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, au mdomo ukienda upande na mkono ukilegea, hapo hakuna kusubiri wimbo uishe, ni hospitali mara moja. Mwenye kipimo cha presha cha 180 kwa 110 au zaidi siku hiyo asikilize tu, na aonane na mganga wake.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenclamide ale kitu kabla ya kuja. Jasho baridi, kutetemeka na maneno kuchanganyika katikati ya dansi si ulevi wala uchovu, huenda ni sukari imeshuka: mpeni nusu glasi ya juisi au maji yenye vijiko vitatu vya sukari, kama anaweza kumeza, na msimwache peke yake. Wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo wanahitaji choo kilicho karibu, chenye mwanga na njia isiyo na ngazi. Wengi hukataa kuja kwa sababu hiyo tu na hawaisemi. Wagonjwa wa moyo au figo waliopunguziwa maji na daktari wafuate kipimo chao, siyo vikombe vitatu nilivyotaja.

Mtu akianguka, zima muziki na usimvute mkono. Mwache alale, muulize wapi panauma. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika: asiinuliwe, tafuta gari ambamo anaweza kulazwa. Kama hana maumivu makali, ajigeuze ubavu, apige magoti, kiti kiletwe mbele yake, ashike kiti kwa mikono yake mwenyewe na kujiinua, ninyi mkimkinga tu pembeni.

Kuondoka, wapange watu wa njia moja watoke pamoja. Kesho yake misuli ya mapaja na ndama itauma, hasa kwa mgeni, na maumivu hayo hufikia kilele siku ya pili kisha huisha yenyewe. Goti lililovimba au lenye joto ni jambo jingine: apumzike wiki hiyo, na akirudi acheze sehemu ya beti tu, chemko aligongee vijiti mpaka goti litulie.